Asubuhi Waliyofungia Magongo Stoo

Harufu ya senene, wale panzi wa msimu wa mvua, wanapokaangwa hunipa mambo mawili kwa mpigo, njaa na dharau. Njaa haihitaji maelezo kwa mtu yeyote aliyekulia Kagera. Dharau nimekaa nayo miaka yote hii bila kumweleza mtu, na huenda ningeendelea hivyo kama jirani yangu hapa Nkwenda asingeweka sufuria jikoni leo asubuhi, na kama kabla sufuria haijapoa nisingepigiwa simu na kijana mmoja mwenye sauti laini. Anaandaa kambi ya likizo ya watoto wenye ulemavu. Alitaka nifike siku ya kufunga, nikae mbele, niwe mfano wa kuwatia moyo. Nikamwuliza siku hiyo magongo ya watoto yatakaa wapi. Akacheka kidogo, akasema samahani dada, sijakuelewa. Nikamwambia akaulize wakubwa zake kisha anipigie. Mpaka naandika haya hajapiga, na sisikitiki.

Wewe wa rika langu uliyewahi kupangwa mstari kwenye shughuli za namna hiyo utanielewa haraka. Wengine mtanivumilia.

Nilikulia Kibingo na baba yangu na bibi mzaa baba. Mama alikuwa ameolewa kwingine nikiwa bado mchanga, na sura yake siikumbuki. Nyumba yetu ilikaa katikati ya migomba na mibuni, mbali na njia, na bibi alishukuru kwa hilo kwa sababu mpita njia hakuweza kuniona. Mguu wangu wa kulia ni mfupi na mwembamba tangu kuzaliwa. Baba alinichongea fimbo yenye kishikio cha kukaa kwapani, na kwa fimbo hiyo nilikwenda kisimani, nilifukuza mbuzi wa watu kwenye maharage yetu, nilipanda kilima kuchuma mapera. Sikujua kwamba siwezi. Aliyejua ni bibi.

Bibi alinipenda sana, na alinipenda kwa kunifungia ndani. Wageni wakija niliambiwa niende chumbani. Watoto wa rika langu walikuwa wameshaanza shule zamani, nami nilikaa uani nikimenya ndizi na kusikiliza kengele yao kutoka ng'ambo ya bonde. Baba akigusia habari ya shule, bibi alikuwa na jibu lilelile.

"Watamcheka, waitu. Watamsukuma aanguke, na nani atambeba?"

Baba hakuwa mtu wa kubishana na mama yake. Alichukua panga, akaenda kupunguza matawi ya kahawa ambayo hayakuwa na kosa lolote. Nilimdharau kidogo kwa ukimya huo, dharau ya mtoto anayejua kwamba jioni atalishwa na huyohuyo.

Ndipo mzee mmoja wa kanisa akaleta habari za kambi ya wiki moja huko Bweranyange, likizo ya Desemba, kwa watoto kama mimi. Tungekula, tungecheza, tungejifunza vitu. Bibi akakataa, na kwa mara ya kwanza baba hakuchukua panga. Alinipakia kwenye baiskeli kabla umande haujakauka, tukaenda, yeye akisukuma kwenye milima na mimi nikishikilia fimbo yangu kifuani. Getini alinishusha, akasema maneno mengi kuliko aliyowahi kuniambia kwa siku moja.

"Siku ya kufunga nitakuja. Nikikukuta unajipeleka mwenyewe, shule zikifunguliwa unaanza. Nikikukuta unabebwa, basi bibi yako ndiye anayesema kweli, na sitamsumbua tena."

"Sibebwi, Taata."

"Tutaona," alisema, akageuza baiskeli.

Kambi ilikuwa kwenye majengo ya zamani juu ya kilima, yenye uwanja mpana wa nyasi mbele na stoo ya mahindi nyuma. Aliyeiendesha tulimwita Mratibu, mwanamume mwenye filimbi shingoni ambayo aliipuliza hata alipotaka chumvi mezani. Msaidizi wake alikuwa Matroni, mama mwenye machozi ya karibu. Alilia kila mtoto mpya alipoingia getini, kisha akajifuta na kumfokea mtoto yuleyule kwa kukanyaga sakafu iliyopigwa deki. Walitugawia fulana nyeupe zenye picha ya mkono mkubwa ulioshika mkono mdogo. Zote zilikuwa za saizi ya watu wazima. Yangu ilivuka magoti ikawa inanasa kwenye fimbo, na kila iliponasa Matroni alitikisa kichwa akasema maskini. Kabla ya fulana ile sikuwa mtu wa kuanguka ovyo.

Asubuhi ilikuwa zamu ya vipaji. Kipaji, nilivyoelewa, ni kitu ambacho mtu mzima ameshakinunulia vifaa. Kwa kuwa walikuwa wamenunua shanga, sote tukawa na kipaji cha kutunga shanga. Deo, mvulana asiye na mkono wa kushoto kuanzia kwenye kiwiko, alipewa sindano, uzi na bakuli la shanga kama sisi wengine, akakaa anautazama ule uzi mpaka filimbi ikalia. Deo alikuwa na mbio ambazo sijaziona kwa mtoto mwingine. Hakuna aliyemwuliza anapenda nini. Baada ya shanga tuliimba. Wimbo ulikuwa mmoja tu, wa siku ya kufunga, uliowaomba wageni watutupie macho sisi tusio na wa kututazama. Mimi nilikuwa nimetazamwa na bibi maisha yangu yote mpaka nimechoka, lakini niliimba.

"Kwa huzuni!" Matroni alipiga makofi. "Wewe wa nyuma, mbona unacheka? Mgeni rasmi akikuona unacheka atajua huna shida."

Aliyecheka alikuwa Komugisha. Alitoka Mabira, kwa wafugaji, na miguu yake yote miwili haikuwa na nguvu. Alitembelea mikono, kandambili zikiwa viganjani, kwa mwendo ambao mimi na fimbo yangu tuliufukuzia kwa shida. Tulilala vitanda jirani. Kipaji chake halisi kilikuwa ng'ombe. Alifinyanga ng'ombe wa udongo wenye pembe ndefu kiasi cha kuogopa kuzigusa, akampa kila mmoja jina na tabia zake, huyu anapiga teke, huyu hatoi maziwa mpaka aimbiwe. Matroni aliwakuta wamepangwa dirishani wakikauka, akawatupa nje kwa sababu wanachafua ukuta. Komugisha akafinyanga wengine, na yule mpiga teke akampa jina la Matroni.

Kambi ninayoikumbuka kwa furaha ni ile ya mchana, wakubwa wakilala. Walikula ndizi na maharage, wakashiba, na filimbi ikapata mapumziko. Sisi tulishuka nyuma ya stoo, kwenye mteremko uliokuwa na migomba iliyokatwa. Tulibandua magamba mapana ya mgomba, yale yenye utelezi kwa ndani, tukayakalia, tukajiachia. Juu ya gamba la mgomba hakuna anayekuuliza habari ya mguu. Komugisha alitushinda wote, maana mikono yake ilijua kuisukuma ardhi. Deo alishuka amenyoosha mkono wake juu akipiga kelele za shangwe. Mimi nilipitiliza mpaka kwenye shamba la watu, nikainuka na matope mdomoni, nikacheka mpaka mbavu zikauma. Tulicheza hivyo kila mchana na hakuna mkubwa aliyejua. Wangejua wangetuwekea ratiba ya magamba na wimbo wake.

Katikati ya wiki Matroni alipita na futi ya kamba ya fundi cherehani akipima miguu yetu, akimgeuza mtoto huku na huku, na Mratibu akipiga picha. Jioni Komugisha alininong'oneza alichokielewa.

"Wanatuuza."

"Watu hawauzwi," nikasema.

"Nimekwenda mnadani na kaka zangu mara nyingi. Wanaanza na miguu hivihivi. Halafu meno. Utaona, watatazama meno."

"Muongo."

"Na hii alama wametuvalisha ya nini?" Akavuta fulana yake.

Kesho yake, nawaambia ukweli, akaja mtu na koti jeupe kututazama meno. Tangu hapo sikuwa na shaka kwamba mgeni rasmi ni mnunuzi. Kuuzwa kwenyewe hakukunitisha sana. Nilichoogopa ni baba kufika na baiskeli yake akakuta nimeshachukuliwa, arudi kumwambia bibi kwamba kweli, mtoto amebebwa. Leo nikilifikiria jambo lile naona Komugisha alikosea kidogo tu.

Wiki ile mvua ilinyesha usiku na asubuhi ilikuja na ukungu, na wapishi walikuwa wakitazama juu kila mara. Walisema senene wako njiani. Tukawa hatuna mazungumzo mengine. Bibi alikuwa amenifundisha kwamba zamani mwanamke aliokota senene lakini hakula. Aliwanyonyoa mabawa na miguu, akawakaanga, akamfungia mwanamume wa nyumbani kwenye jani la mgomba, na mwanamume akishakula hana ujanja, lazima amnunulie mwanamke nguo. Vitenge vyote vya bibi vilivyokuwa sandukuni vilipatikana kwa babu kwa njia hiyo, na alikuwa akivitaja kimoja kimoja na msimu wake.

"Mimi nitampa baba," nikamwambia Komugisha.

"Mimi nitampa mnunuzi," akasema. "Kama ananichukua, aniletee na gauni."

Siku moja kabla ya kufunga, Mratibu alitupanga uwanjani kwa mazoezi. Jukwaa lilikuwa limetengenezwa kwa kuunganisha meza za darasani. Akaeleza kwamba vijana wa kujitolea watatubeba mmoja mmoja kutoka bwenini mpaka juu ya jukwaa, polepole, wimbo ukiimbwa, ili wageni waone. Nikainua mkono.

"Mimi natembea."

"Najua unatembea. Nani amekukataza kutembea? Utatembea ukifika kwenu."

"Baba yangu anakuja. Amesema asinikute nabebwa."

"Baba yako ni mgeni kama wageni wengine," Mratibu alisema, akapuliza filimbi.

Deo naye akainua mkono wake. "Mratibu, miguu yangu mizima."

"Mtabebwa wote. Tunataka usawa."

Nimeishi na watu wengi wapumbavu tangu siku ile, wengine wana vyeti ukutani, lakini sijasikia tena sentensi inayoifikia hiyo. Usiku ule sikula. Nilikuwa mtoto mdogo, na nilielewa vizuri kabisa kwamba shule yangu itaamuliwa na namna nitakavyofika kwenye zile meza.

Alfajiri walikusanya magongo, fimbo, hata kandambili za Komugisha, wakavifungia stoo pamoja na mahindi. Matroni alisema vinaharibu picha. Nilishikilia fimbo yangu kwa mikono miwili, na kijana aliyetumwa alinibandua vidole kimoja kimoja huku akiniambia usijali mdogo wangu, utarudishiwa. Baba alikuwa ameambiwa saa nne. Shughuli ilianza mapema kwa sababu mgeni rasmi alikuwa na harusi ya kuwahi. Viti vya mbele vilivalishwa vitambaa vyeupe. Ukungu ulikuwa bado umeshika uwanja, na sisi tukaanza kubebwa.

Sijui kama mnajua ilivyo kubebwa na mtu usiyemtaka wakati una uwezo wa kwenda mwenyewe. Kijana wangu alinuka mafuta ya nywele. Aliniinua juu kuliko ilivyohitajika, akazunguka nami mbele ya viti ili kila mgeni apate sehemu yake, na mama mmoja wa mstari wa mbele akatoa leso. Komugisha alibebwa akiwa ametoa ulimi. Deo, ambaye angeweza kumpita mbio kila mtu aliyekuwepo pale, alibebwa na vijana wawili, amefumba macho, miguu yake mizima ikining'inia. Wageni wakapiga makofi. Tukawekwa juu ya meza tukitazama mbele, na hakuna aliyekuwa na kitu cha kushukia.

Mgeni rasmi alikuwa mheshimiwa mwenye suti ya kijivu na tumbo lililomtangulia. Alishika kipaza sauti, akashusha pumzi ndani yake, akaanza.

"Ndugu zangu, watazameni watoto hawa. Hawana wanachoweza. Hata kutoka hapa walipo hawawezi kujipeleka."

Spika ziliyatupa maneno hayo mpaka chini ya kilima, na chini ya kilima, kwenye mikaratusi, ukungu ulipoachia kidogo, nilimwona baba. Alikuwa akisukuma baiskeli, amevaa shati lake la kanisani. Nilimwona amesimama. Alikuwa akisikiliza. Kisha akaendelea kupanda, akaingia kwenye kona ambako uzio humficha mtu, nami nikajua kwamba akitokea upande wa pili ataniona nimewekwa juu ya meza mbele za watu, na yote yamekwisha. Nilianza kulia. Matroni alinitazama kwa furaha kubwa, akanionyesha kwa kidole kwa mpiga picha.

Senene wa kwanza alitua kwenye bega la mheshimiwa.

Alikuwa wa kijani, mnene. Mheshimiwa alinyamaza katikati ya neno, akamtazama kwa pembe ya jicho. Wa pili akagonga kipaza sauti. Halafu ukungu wote ukaanza kuvuma, wakashuka kama punje zinazomwagwa kutoka kwenye gunia, juu ya viti, juu ya nywele za akina mama, uwanja mzima. Mtu wa nyuma akapiga kelele, "Ensenene!" Basi. Shughuli ikaishia hapo.

Nimewaona watu wazima wakikimbia moto kwa adabu zaidi. Mratibu alivua koti akalifanya mfuko, filimbi ikimpiga kidevuni. Mama wa leso akafungua kitenge chake cha mabegani. Dereva wa mheshimiwa alivua vitambaa vyeupe kwenye viti akavifunga mafundo, akampa bosi wake kimoja, na mheshimiwa aliyekuwa na harusi ya kuwahi akapiga magoti kwenye nyasi mbichi na suti yake. Kipaza sauti kilibaki mezani kikiwa wazi, kikatangaza kwa bonde zima jinsi walivyokuwa wakihema na kusukumana. Vijana wetu wa kujitolea walikuwa wa kwanza kutokomea. Hakuna hata mmoja aliyekumbuka kwamba ametupandisha mahali, na kwamba kwa hesabu yao wenyewe hatuwezi kushuka.

Deo alifumbua macho, akaruka chini. Akanyoosha mkono kumsaidia Komugisha.

"Usinibebe!" Komugisha alifoka. Alijivuta mpaka ukingoni, akajishusha kwa mikono, akatua kama alivyotua kwenye magamba ya mgomba. Mimi nikamfuata kwa makalio. Nilianguka vibaya, nikajikwaruza goti, nikainuka kwa mikono na kuanza kutambaa kuelekea getini, nikitaka baba anikute njiani. Mbele yangu kila jani la nyasi lilikuwa limebeba senene.

Sasa, kuna jambo ambalo wale wakubwa hawakuwa na nafasi ya kulijua. Senene aliyelowa umande haruki mbali. Anashikilia nyasi upande wa chini, na aliyesimama wima anamkanyaga bila kumwona au anamshtua kwa viatu. Aliye chini anamchuma kama anavyochuma buni. Sisi tulikuwa chini. Komugisha alikwenda kwa kifua, mikono miwili ikifanya kazi, akiwasemesha kwa Kinyambo kama ndama. Zile fulana kubwa, kwa mara ya kwanza wiki nzima, zilikuwa na kazi: tulizifunga fundo kiunoni tukajaza kupitia shingoni. Senene walinitambaa tumboni, wananikwaruza, nilisikia kichefuchefu na raha pamoja. Wageni walikimbia kwa vishindo kutuzunguka, wakikamata wawili na kuponda kumi. Nilisahau kulia. Kwa muda kidogo, nakiri, nilisahau hata baba.

Gurudumu la baiskeli likasimama mbele ya pua yangu.

Niliinua macho. Baba alikuwa ananitazama, kisha akatazama uwanja, viti vilivyopinduka, meza tupu. Hakuonekana kushangazwa na senene. Alikuwa Mnyambo, alijua senene.

"Fimbo yako iko wapi?"

"Wameifungia stoo."

"Nani?"

Nilimwonyesha Mratibu, ambaye alikuwa amelala kifudifudi karibu na nguzo ya bendera, koti limefumba kama mtego.

"Na nani amekufikisha hapa?"

"Nimejipeleka mwenyewe."

Baba aligeuza shingo akafuata kitu kwa macho, nami nikakiona alichokiona. Kwenye umande kulikuwa na njia ya giza, upana wa mtoto, iliyotoka kwenye meza mpaka pale nilipokuwa. Haikuwa na alama ya kiatu cha mtu kando yake.

Akalaza baiskeli, akaenda kwa Mratibu. Hakumsalimu. Baba yangu, mtu aliyeamkia hata watu waliomzidi mwaka mmoja, alinyoosha mkono tu. Mratibu alilazimika kuchagua kati ya senene na ufunguo, akachelewa kuchagua. Hatimaye baba alipata ufunguo, akafungua stoo, akatoka amekumbatia magongo yote na kandambili juu yake, akapita kwa kila mtoto palepale kwenye nyasi alipokuwa, akamwekea kilicho chake mkononi. Hakumwinua mtu yeyote.

Senene walipopungua, Matroni alikuja na ndoo, nywele zimevurugika, sauti imerudi kuwa tamu. "Watoto wazuri, leteni basi senene wa mgeni rasmi." Kwangu alimwona baba amesimama, akapita. Kwa Komugisha hakukuwa na baba, kaka zake walikuwa na mifugo. Akamfungua fundo la fulana, akamimina senene wote.

"Mheshimiwa!" Komugisha aliita kwa nguvu, mheshimiwa akipandisha ndoo kwenye gari. "Hao nimewaokota mimi! Ukila unaniletea nguo!"

Wageni wakacheka sana. Mheshimiwa naye alicheka, akafuta matope kwenye magoti, akasema mtoto huyu ana akili, nitamletea, andikeni jina lake. Mpiga picha akawapiga picha pamoja, ndoo katikati. Komugisha siku hizi ana ng'ombe wake wa kweli Mabira, anawafikia kwa bodaboda na kumfokea kila mchungaji, na tukikutana ndilo neno la kwanza analoniambia, kwamba bwana yule hajaleta nguo mpaka leo. Huwa namwonea huruma mheshimiwa. Alilelewa hukuhuku, alijua vizuri alichokuwa anakula.

Sikupanda baiskeli mpaka tulipotoka getini. Nilitembea na fimbo yangu, fulana imevimba tumboni, na baba akasukuma baiskeli pembeni kwa mwendo wangu.

Nyumbani nilikaa uani nikawanyonyoa mmoja mmoja, bibi akinisaidia na kuuliza maswali ambayo sikuyajibu. Nikawakaanga mwenyewe, bila mafuta, kwa kitunguu na chumvi, mpaka wakalia kwenye sufuria. Nikafunga kwenye jani, nikampelekea baba kwa mikono miwili. Aliwala wote mbele yetu, taratibu, akalamba kidole. Hakusema ni watamu wala si watamu. Siku ya gulio akatoka na baiskeli bila kusema anakokwenda.

Alirudi na kifurushi cha gazeti. Bibi ndiye aliyekifungua, akidhani ni kitenge. Ilikuwa sketi ya bluu, shati jeupe na sweta ya shule.

"Hii ya nani?" bibi aliuliza, ingawa nyumbani mwetu hakukuwa na mtoto mwingine.

Baba alikuwa akinawa miguu. "Ya kwake."

"Lakini tulishasema. Watamcheka, mwanangu. Watamsukuma. Nani…"

"Mama," baba alisema, "nimekula senene wake. Nimewala mbele yako."

Bibi alitazama sanduku lake la vitenge, akanitazama mimi, akaitazama ile sketi. Ilikuwa ndefu mno. Kisha akachomoa sindano aliyokuwa akiichomeka kwenye kilemba chake, akavuta kigoda, akaketi.

"Njoo hapa," aliniambia. "Simama wima nikupime pindo."